"Origin", "source", "parent" au nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutaja chimbuko kwa Kiingereza

Ukurasa huu ni wa wanaofikiri kwa Kiswahili lakini kazi inawadai waandike kwa Kiingereza: mwanafunzi anayemalizia tasnifu, mfasiri, karani wa kampuni inayouza kahawa nje, mfamasia mwenye ripoti ya kupeleka kesho asubuhi. Wote hukwama palepale. Wana kitu kilichotokana na kingine. Jina la kilichozaliwa wanalo, la kilichozaa hawalipati, na kamusi kila wakiifungua inawapa "origin". Majibu hayalingani urefu, maana mengine yanamalizika kwa mistari mitatu na mengine yana mambo.

Je, lipo neno moja la Kiingereza ambalo ni jozi ya "derivative", yaani kitu kilichotokana na kingine?

Halipo, na ndiyo sababu unahangaika. Mtoto ana jina la jumla, mzazi hana. Kila fani imejitafutia lake. Kwa watu wa masoko ya fedha, kile ambacho "derivative" inategemea, iwe hisa, dhahabu au shehena ya mahindi, huitwa "the underlying", bila kuongeza neno jingine. Mwanakemia atasema "parent compound". Mwanahisabati akitaka kurudi nyuma kutoka kwenye "derivative" anatafuta "antiderivative", au "primitive" kama amesoma vitabu vya zamani. Katika hakimiliki ni "original work" au "underlying work". Katika vipimo vya kimataifa kuna "base units" 7, na vipimo vingine vyote, kama newton na joule, ni "derived units". Mwandishi wa programu ana "base class" na "derived class".

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza "asili kwa Kiingereza ni nini". Anza na fani, kisha jina la mtoto katika fani hiyo. Majina haya hutembea wawili wawili, na ukimshika mmoja mwenzake hayuko mbali: "daughter isotope" na "parent isotope", "target text" na "source text", "recipient language" na "donor language", "downstream" na "upstream", "metabolite" na "parent drug", "generic" na "originator". Ukiandika "the origin of the metabolite" sarufi haina kosa, lakini msomaji wa fani atajua papo hapo kwamba wewe ni mgeni.

"Origin" na "source" zinatofautianaje hasa?

"Origin" inazungumzia kuanza: wapi, lini, kwa namna gani. Ni jambo lililokwisha kutokea. "Source" inazungumzia kinachotoa, na mara nyingi bado kinaendelea kutoa. Unaweza kukirudia ukachota tena. Chungwa ni "a source of vitamin C", wakati "the origin of the orange" inatupeleka Asia, maelfu ya miaka nyuma. Aliyekuletea umbeya ni "your source". Aliyeutunga mara ya kwanza, ambaye huenda humjui kabisa, ndiye "the origin of the rumour".

Mito hutumia "source". Chanzo cha Nile ni "the source of the Nile", na ukiweka "origin" hapo sentensi inasikika ya ajabu. Hata hivyo mto huohuo unaonyesha kwamba "source" peke yake haitoshi. Mpelelezi Mwingereza John Speke alisimama mahali maji yanapotoka Ziwa Victoria, pale Jinja, Uganda, mwaka 1862, na mabango ya watalii hadi leo yanasema hapo ndipo chanzo. Lakini ziwa nalo linapokea mto Kagera, na ukiifuata Kagera na matawi yake unaishia kwenye vilima vya Burundi, karibu na Rutovu, au kwenye msitu wa Nyungwe nchini Rwanda, kutegemea unamsikiliza nani. Kiingereza kinalimaliza hilo kwa kivumishi. Kilicho karibu ni "immediate source", cha mwisho kabisa ni "ultimate source", na kwa mito hasa kuna "headwaters". Vivumishi hivyo viwili, "immediate" na "ultimate", viweke mfukoni. Utavihitaji tena hapa chini kwenye maneno na kwenye vitabu.

"Chanzo cha moto bado kinachunguzwa." Niandike "source"?

Hapana. "Chanzo" chetu kinabeba mizigo miwili ambayo Kiingereza kinaitenganisha. Wachunguzi wa moto huandika "origin and cause", na wanamaanisha vitu viwili kweli. "Origin" ni mahali ulipoanzia: stoo ya nyuma, nyuma ya jokofu. "Cause" ni kilichouwasha: waya uliochubuka, mshumaa. Ile cheche au joto lenyewe ni "ignition source". Ofisa anayesema kwenye taarifa ya habari kwamba chanzo hakijajulikana karibu kila mara anakusudia "cause", kwa hiyo "the cause of the fire is still under investigation".

Ajali ni hivyohivyo. "The source of the accident" haisemwi.

Kwenye magonjwa mambo yanakuwa matatu. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu wengi katika mitaa ya Soho, London, na daktari John Snow akaonyesha kwamba wengi wao walikuwa wakichota maji kwenye pampu ya Broad Street. Pampu ile ndiyo "the source of infection". Bakteria aliyekuwa ndani ya maji ndiye "the cause of the disease". Na mgonjwa wa kwanza ambaye uchafu wake ulifika kwenye kisima, huyo ni "the origin of the outbreak", au "the index case" kwa lugha ya wataalamu. Ripoti ya afya ya wilaya inayoandika "source" mara tatu kwa mambo haya matatu itamchanganya anayetakiwa kuamua kama afunge kisima au la.

Nafanya kazi kwenye kahawa. Neno lipi ni sahihi?

Inategemea umesimama upande gani wa gunia. Kahawa ni mfano mzuri kwa sababu karibu maneno yote yanakutana humo, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Kwa mnunuzi na mkaangaji, neno ni "origin", tena limegeuka kuwa jina la nchi au eneo lenyewe. "Single origin" ni kahawa isiyochanganywa na ya kwingine. Wanunuzi husema hata "at origin", maana yake huku kwetu inakolimwa. Ukiwaandikia "the source of this coffee is Mbinga" wataelewa, ila "source" kwao inaelekea zaidi kwa muuzaji, yaani chama cha ushirika au kampuni uliyonunua kwake. Ndiyo maana kuna kitenzi "to source": "we source our coffee from smallholders" inaeleza biashara, haielezi mmea ulianzia wapi.

Forodhani "origin" ni neno la kisheria, na hapo ujuzi wa mtaani hausaidii. Cheti cha uasili wa bidhaa ni "certificate of origin", na uasili unaamuliwa na "rules of origin". Buni iliyolimwa na kuvunwa nchini ni "wholly obtained", haina mjadala. Mjadala unakuja kwenye bidhaa iliyopitia nchi mbili. Pamba ya Shinyanga ikisokotwa, ikafumwa na kushonwa shati nchi nyingine, "the source of the cotton" ni Tanzania lakini "the country of origin of the shirt" inaweza kuwa ile nchi nyingine, kwa sababu pamba imepata "substantial transformation". Hapa kuandika "source" badala ya "origin" kwenye fomu si suala la mtindo. Ushuru unabadilika.

Mtaalamu wa mimea naye ana yake. Mahali mmea ulipoanzia kabla watu hawajausambaza ni "centre of origin". Kwa arabika ni nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Ethiopia. Lakini arabika yenyewe ilizaliwa kwa spishi mbili kuchanganyika kiasili: Coffea canephora, ambayo Bukoba wanaijua vizuri kwa jina la robusta, na Coffea eugenioides inayoota mwituni katika nyanda za Afrika Mashariki. Hizo mbili ni "progenitors" au "parent species" za arabika. Usiziite "origins". Na aina iliyotengenezwa na watafiti, kama Ruiru 11 iliyotolewa Kenya mwaka 1985, ukitaka kueleza ilitoka kwa mbegu zipi unaandika kuhusu "parentage" yake au "pedigree" yake: "its parentage includes Catimor".

Bado neno lenyewe. "Coffee" ya Waingereza na "kahawa" yetu zote zinaishia kwenye Kiarabu, qahwa. Waingereza waliipata kupitia Kituruki na lugha nyingine za Ulaya. Qahwa ni "etymon" ya yote mawili.

Watu wa misitu wanaposema mbegu ya msaji au msindano imetoka wapi hutumia "provenance", na huwa na "provenance trials" za kupanda mbegu za sehemu mbalimbali pamoja ili kuona ipi inakubali udongo wa hapa. Kwenye kahawa neno hilo ni nadra, na mimi nikiliona kwenye pakiti ya gramu 250 najua limewekwa kwa mapambo tu.

Na kwenye dawa?

Chukua dawa mseto ya malaria, ile ALu. Ndani yake mna artemether, ambayo inatengenezwa kutokana na artemisinin, ambayo inapatikana kwenye mmea wa Artemisia annua, unaolimwa China, Vietnam na hata huku Afrika Mashariki. Mwanasayansi wa China Tu Youyou na wenzake waliipata artemisinin mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa tupange majina. Mmea ni "the plant source". Artemisinin ni "the parent compound", na artemether ni "a derivative" yake, sawa na artesunate. Mgonjwa akimeza kidonge, mwili unaibadilisha artemether kuwa dihydroartemisinin, na hapo artemether, iliyokuwa mtoto hatua moja nyuma, inageuka "the parent drug" na dihydroartemisinin inakuwa "the active metabolite". Hakuna mgongano. "Parent" si cheo cha kudumu. Ni uhusiano kati ya hatua mbili tu, kwa hiyo kila ukiandika neno hilo hakikisha msomaji anajua unazungumzia hatua ipi.

Kuna neno jingine linaloingiliana na hili: "precursor". Hiki ni kitu kinachotumika kutengenezea kingine na kwa kawaida kinaisha katika kazi hiyo. Artemisinin imewahi kutengenezwa kiwandani kuanzia artemisinic acid iliyozalishwa na hamira. Hiyo asidi ni "precursor". Tofauti na "parent compound" ni ya mtazamo. "Parent" inaangalia umbo: mifupa ya molekuli ni ileile, kumebadilishwa tawi. "Precursor" inaangalia njia: hiki hutangulia kile katika utengenezaji, wafanane wasifanane.

Kama unalinganisha dawa ya bei nafuu na ile ya kampuni iliyoitangulia sokoni, hapo si "parent" wala "source". Ni "originator", na kwenye majalada ya usajili mara nyingi "reference product" au "comparator". "Original drug" inaleta matatizo, kwa sababu dukani watu wanasema "orijino" wakimaanisha si feki.

Je, mawe na isotopu zina maneno yao?

Zinayo, na ni rahisi. Marumaru ilikuwa mawe ya chokaa kabla ya joto na mgandamizo kuibadilisha. Mwamba ule wa awali ni "protolith", au "parent rock" ukiandikia wasio wataalamu. Udongo hutokana na "parent material". Kwenye kupima umri wa miamba, isotopu (aina ya atomi ya elementi fulani) inayooza ni "parent" na inayozaliwa ni "daughter". Fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959 lilipewa umri wa takriban miaka milioni 1.75 kwa kupima tabaka la majivu ya volkano, ambamo potasiamu-40 ndiyo "parent" na agoni-40 "daughter". "Source isotope" haipo.

Ninaandika kuhusu maneno. "Root", "stem", "base" na "etymon" ni kitu kimoja?

Ni vitu vinne, na wahakiki wa isimu hawasamehi hapa.

"Etymon" ni neno la zamani au la lugha nyingine ambalo neno la leo limetoka kwake. Hili ni suala la historia. "Base" ni umbo ambalo kiambishi fulani kimeongezwa juu yake sasa hivi, bila kujali historia. "Root" ni kile kinachobaki ukivua viambishi vyote. "Stem" ni umbo linalopokea viambishi vya wakati, nafsi, umoja na wingi. Tazama "unfriendliness": "base" yake ni "unfriendly", "base" ya "unfriendly" ni "friendly", na "root" ya mlolongo wote ni "friend". Kwa upande wetu, "uchezeshaji" ina mzizi -chez-, lakini umbo lililonyambuliwa moja kwa moja ni "chezesha". Ukiandika kwamba "the root of uchezeshaji is chezesha" umekosea. "Base" ndiyo sahihi.

Usidhani pia kwamba neno fupi ndilo lililotangulia. "Edit" inaonekana kama mzazi wa "editor", kumbe "editor" ilikuwepo kwanza na "edit" ikakatwa kutoka kwake. Jambo hilo huitwa "back-formation". Kwa hiyo unaweza kusema "editor" ni chimbuko la "edit" kihistoria, ingawa mwanafunzi akiichambua leo ataona kinyume chake. Wanaisimu wengi hawaoni shida kuishi na majibu mawili.

Kwa maneno ya mkopo, lugha iliyotoa ni "donor language" au "source language". Kuwa mwangalifu na "source language", kwa sababu wafasiri nao wanaitumia kwa lugha wanayofasiri kutoka kwake.

"Safari" ya Kiingereza ilitoka Kiswahili au Kiarabu?

Kiingereza kililichukua neno kutoka Kiswahili katika karne ya 19, na Kiswahili kilikuwa kimelitoa kwenye Kiarabu, safar. Kwa hiyo "the immediate source is Swahili, the ultimate source is Arabic". Anayeandika kwamba neno hilo ni la Kiarabu na kuishia hapo ameruka hatua yenye maana zaidi: Waingereza walilisikia kwa wapagazi na wafanyabiashara wa misafara ya bara, likiwa tayari na maana ya huku.

Kosa linalofanana na hilo ni "cognate". Maneno mawili ni "cognates" yakiwa yamerithiwa kutoka kwa babu mmoja. "Tatu" ya Kiswahili na "thathu" ya Kizulu ni "cognates", zote zimerithi umbo la Kibantu cha kale, ambalo wataalamu huliita "proto-form". "Hela" yetu na "Heller" ya Kijerumani si "cognates". Ile ni mkopo tu, kutokana na sarafu iliyotumika enzi za Wajerumani Tanganyika, na "Heller" ni "etymon". Vivyo hivyo "gereza", kutoka Kireno igreja, yaani kanisa. Jinsi kanisa lilivyogeuka jela ni hadithi nyingine.

Nimefasiri kitabu ambacho nacho ni tafsiri. Nikiite nini kile nilichokishika mkononi?

"Source text" ni kile ulichofasiri kutoka kwake. "Original" ni kile alichoandika mwandishi mwenyewe. Mara nyingi ni kimoja, lakini si kila mara. Kama ulifasiri riwaya ya Kirusi kutoka kwenye tafsiri ya Kiingereza, sema wazi: "translated from the English version", na kile cha katikati huitwa "mediating text" au "intermediary text".

Wahakiki wa fasihi hutumia "source" kwa maana nyingine tena: kile mwandishi alichochotea habari. Nyerere alipotoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, "source text" yake ilikuwa tamthilia ya Shakespeare. Lakini Shakespeare naye alikuwa na "source", nayo ni maisha ya watu mashuhuri aliyoyaandika Plutarch kwa Kigiriki. Na hakuisoma kwa Kigiriki. Aliisoma kwa Kiingereza cha Thomas North cha mwaka 1579, na North alifasiri kutoka Kifaransa cha Jacques Amyot. Ukitaka kuandika kwamba "the source of Nyerere's play is Plutarch" kuna watu watakubali, kwa maana ya "ultimate source", ila mhariri atakuuliza hatua tatu za katikati umezipeleka wapi.

Kwa upande wa haki, Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kifungu cha 2(3), unalinda tafsiri kama kazi yenyewe bila kuathiri haki za "the original work". Kwenye barua ya kuomba ruhusa tumia basi "the original work". Usiandike "the source", maana wakili atadhani unazungumzia faili.

"Provenance" ni "origin" ya watu wasomi?

Watu wengi huitumia hivyo, na ndivyo inavyoharibika. "Provenance" ni historia ya kitu tangu kilipotoka hadi kilipo: nani alikuwa nacho, kilinunuliwa, kilitolewa zawadi, au kilichukuliwa. Mifupa ya yule mjusi mkubwa (dinosaria) aliyesimamishwa katika Museum für Naturkunde mjini Berlin ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, wakati eneo hilo lilikuwa chini ya Wajerumani. Tendaguru ni "the place of origin" au, kwa mwanapaleontolojia, "the locality". "Provenance" ni simulizi zima: wachimbaji wa Lindi waliofanya kazi, mizigo iliyobebwa kichwani hadi pwani, meli, makreti, makumbusho. Anayedai mifupa irudi anajenga hoja kwenye "provenance", kwa kuwa "origin" haibishaniwi na yeyote.

Waakiolojia, hasa wa Marekani, wana pia "provenience", ambayo ni mahali hasa kitu kilipofukuliwa: shimo lipi, tabaka lipi, kina gani. Ukiiona usidhani ni kosa la tahajia.

Nikitaja asili ya mtu?

"Origin" inafaa kwenye fomu, kama "country of origin" katika masuala ya wakimbizi. Kwenye maandishi ya kawaida "descent" ina heshima zaidi: "a Kenyan of Goan descent". "Ancestry" ni ukoo wa nyuma zaidi. Kijijini kwenu, hata kama hujazaliwa huko, ni "ancestral home". "Source" na "derivation" usiziweke kwa binadamu.

Kitu kimeitwa kwa jina la mtu. Huyo mtu ni nani kwa Kiingereza?

Ni "eponym". Kapteni Charles Boycott, wakala wa mashamba aliyegomewa na wapangaji Ireland mwaka 1880, ni "eponym" ya "boycott". Rudolf Diesel ni ya dizeli. Shida ni kwamba "eponym" hutumika pia kwa neno lililozaliwa, na "namesake" ina tabia hiyohiyo ya kumaanisha pande zote mbili. Palipo na hatari ya kuchanganya, andika "named after" na umalize.

Ni vihusishi vipi vinavyofuata vitenzi vya kutaja chimbuko?

"Derive from", "stem from", "descend from" hazina utata. "Based on", kamwe si "based from", ingawa ofisi nyingi za Nairobi na Dar zinaiandika. "Adapted from" kwa mchoro au jedwali ulilolibadilisha. Kama hukubadilisha kitu, ni "reproduced from". "Originate" ndiyo yenye matawi: "originate in" kwa mahali au kipindi, "originate with" kwa mtu aliyeanzisha wazo, "originate from" kwa kitu kilichosafiri kutoka mahali fulani, kama shehena au simu.

Nikisema kazi ya mtu ni "derivative", nimekosea wapi mpaka akasirike?

Kama kivumishi cha sanaa, "derivative" ni tusi la adabu. Maana yake ni kwamba hakuna jipya, ameiga. Kwenye sheria na kemia haina ubaya wowote. Ukimsifu msanii kwamba amejenga juu ya taarabu ya zamani, andika "it draws on old taarab" au "it is rooted in taarab".

Nimetafuta kote, jina la mzazi silipati. Nifanye nini?

Acha nomino, tumia kitenzi. Badala ya kuhangaika na "the ... of this method is the 1998 survey form", andika "this method was developed from the 1998 survey form". Chagua kitenzi kinachosema kilichotokea kweli: "extracted from" kama kimetolewa ndani ya kingine, "bred from" kama ni mbegu au mfugo, "adapted from" kama kimerekebishwa, "calculated from" kama ni namba, "copied from" kama ni nakala, "branched from" kama ni programu. "Derived from" iache kwa pale ambapo hujali namna, au namna umeshaieleza kwenye sentensi iliyotangulia.